Nilivyobishana na Bei ya Nyumba Yangu

Jamani, haya ninayowaambia leo mke wangu alinikataza kuyasimulia mbele ya watu, na kusema kweli hata mimi nilijikataza, maana kwa miezi mingi nilikuwa nikipita mbele ya duka la Mama Halima nimeinama kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Lakini nyinyi ni watu wangu, na miaka imepita, kwa hivyo chekeni tu, nimeshazoea.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa karani katika kampuni ya kusafirisha mizigo Industrial Area, na tulikuwa tunakaa mtaa wa Umoja, kwenye zile nyumba ndogo ulizouziwa zikiwa na vyumba viwili na ahadi kwamba vingine utajiongezea mwenyewe. Basi nikaongeza vitatu, mbele ya nyumba. Kila mtu kwenye koti yetu aliongeza (koti ndivyo tunavyoita zile nyumba zinazozunguka uwanja mmoja), leo ukuta, kesho chumba, mwaka ujao kingine, mpaka mahali palipokusudiwa maua pakawa mlango wa mpangaji. Ramani? Nani alikuwa na wakati wa ramani! Fundi alichora kwa kidole cha mguu mchangani, nikatingisha kichwa, akaanza kuchanganya saruji.

Kimoja cha vyumba hivyo vitatu vya mbele kilikuwa cha mke wangu, Mama Nekesa. Humo alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine ya kukodi, na mwenye mashine alikuwa ametuambia kwamba mwisho wa mwaka anaitaka. Ndiyo sababu tukapeleka hati ya nyumba benki, tupate mkopo, mama anunue mashine yake. Hakukuwa na jambo lingine. Mashine moja tu.

Benki ikamtuma mthamini, binti mmoja mpole mwenye tepu na daftari, akapima, akagonga kuta, halafu akaniuliza, "Mzee, ramani ya hivi vyumba vya mbele, ile iliyopitishwa na kanjo, iko wapi?" Kanjo ndio baraza la jiji, nami sikuwahi kukanyaga huko; nikamwambia iko kwa fundi (fundi mwenyewe alishahamia Kitale). Akaandika kitu kidogo, akaenda zake. Barua ilipokuja, vyumba vyangu vitatu havikuhesabiwa hata kimoja, utadhani nilivijenga ndotoni.

Mama Nekesa akaisoma mara moja, akapiga hesabu kichwani. "Inatosha mashine. Tia sahihi, Baba Nekesa."

Ningetia sahihi siku hiyo, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini jirani yangu Baba Kamau, ambaye tunatumia naye ukuta mmoja, alikuwa ametangaza pale buchari kwamba nyumba yake ilithaminiwa bei kubwa mpaka yeye mwenyewe akaona haya kuitaja (alivyoona haya, aliitaja mara tatu). Nyumba yake na yangu ni pacha! Na yangu ilikuwa na vigae kibarazani! Nikasema hapana, sitii sahihi, huyo binti amenidharau, nitaandika barua.

Sasa, karani akikwambia ataandika barua, ogopa. Saa ya chakula nilikaa kwenye taipureta ya ofisi, nikaweka karatasi tano na kaboni katikati, nikaanza: "Mimi niliyetajwa hapo juu napinga vikali thamani iliyotolewa." Nikaeleza vyumba vyote, urefu na upana, na mwaka nilioezeka. Halafu ili benki ione kwamba silalamiki bure, nikaongeza kwamba majirani zangu wote, kuanzia nyumba nambari kumi na mbili mpaka kumi na tisa, wamejenga vivyo hivyo hadi ukingoni mwa barabara. Chini kabisa nikaandika: Nakala kwa. Mnatujua makarani, barua isiyo na nakala tunaiona haina meno. Moja ya meneja, moja ya chifu, moja ya diwani, na kwa kuwa ilibaki moja hafifu ya mwisho, nikaona nisiitupe, nikaipeleka kwa mkuu wa majengo huko kanjo. Sikuwa na shida naye hata kidogo. Nilitaka tu benki waone ninajua ofisi.

Benki wakajibu kwa adabu kwamba mthamini mwingine angekuja Jumamosi. Alhamisi nikapaka ukuta wa mbele chokaa. Jumamosi asubuhi nikapanga viti uwanjani, nikawaita majirani wawe mashahidi, nikamsukuma Mama Nekesa apike mandazi (alipika, lakini alivyokuwa akiusukuma ule unga nilijua anaufikiria uso wangu).

Saa nne hivi wakaingia wanaume wawili, mmoja mnene amebeba faili, mwingine amebeba kopo.

"Ni wewe uliandika barua?" akauliza yule mnene.

"Ni mimi!" nikajibu, kifua mbele.

Sikuwauliza wametoka wapi. Ningeuliza ya nini, wakati barua yangu wameitaja wenyewe?

"Hiki chumba hakimo kwenye ramani?"

"Hakimo! Hiyo ndiyo shida yangu! Hebu ona ukubwa wake!"

Akaandika. Moyoni nikasema, hatimaye benki imeleta mtu anayejua kuhesabu. Nikanogewa. Tulipofika chumba cha mama nikapiga sakafu kwa kisigino nikawaambia, "Chini hapa linapita bomba la maji taka la mtaa mzima, na sakafu nimeimwaga juu yake, na haijapata hata ufa!" Wakatazamana. Mimi nikadhani wameshangazwa na ufundi.

Mama Nekesa akanivuta shati. "Baba Nekesa, mbona huyu mwingine amebeba rangi?"

"Labda wanaandika nambari za nyumba. Benki siku hizi wana mpango."

Nikawapeleka kwa majirani walinganishe. Baba Kamau, asishindwe, akawapandisha mpaka kile chumba cha juu alichokuwa ameanza nyuma kimyakimya. Mama Halima, mjane anayelea watoto wake kwa duka lile, akawafungulia stoo iliyomeza nusu ya njia, akawapa na soda baridi. Wakanywa. Wakala mandazi yetu, yule mnene peke yake akameza sita. Halafu akajipangusa mikono na kumwambia mwenzake, "Haya, anza."

Rangi ilikuwa nyekundu. Akachora X kubwa kwenye chokaa yangu ya Alhamisi.

"Bwana, hiyo ni ya nini?"

"Si wewe ulituandikia, mzee? Sisi ni kanjo. Una siku saba uwe umebomoa." Akatoa kwenye faili ile nakala yangu hafifu, akasoma nambari za nyumba kwa sauti, kumi na mbili, kumi na tatu, na kila nambari ikapata X yake.

Wakiwa hapo kwa Baba Kamau, akaingia bwana mmoja mwenye tai na mkoba, akasimama akatazama zile X, akauliza, "Samahani, mimi natoka benki, nyumba ya karani ni ipi?" Vidole vyote vya koti vikanielekea. Hata mkoba hakuufungua, akageuka akaenda zake.

"Wewe mzee umetuchoma koti nzima kwa kanjo!" Baba Kamau akafoka. "Ni nani alikutuma?"

Lakini aliyeniumiza ni Mama Halima, ambaye hajui kupaza sauti. "Baba Nekesa, wallahi, watoto wangu wanakula kwa hii duka." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatatu majirani wakaenda kanjo pamoja na mchoraji wa ramani, wakalipa faini, wakapitishiwa. Mimi niliambiwa nikae nyumbani na nisishike kalamu. Hata vyumba vyangu viwili waliniombea vikapona, Mungu awabariki. Cha tatu, kilicho juu ya bomba, kilikataliwa, na bomba lenyewe lilikuwa limeandikwa kwenye faili kwa maneno yangu mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyelijua. Nilikibomoa kwa mikono yangu, Mama Nekesa akitoa nyuzi zake. Ukuta wa nyumba ukapata ufa, benki wakatuma bei mpya iliyo chini ya ile ya kwanza, haikutosha mashine, na mwenye mashine akaja na mkokoteni akaichukua.

Januari shule zilipofunguliwa nikamnunulia Nekesa sweta sokoni, iliyofumwa na mama mwingine. Mamake akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole polepole kwenye mshono, akasema, "Huyu mama anajua kazi." Akaikunja vizuri akampa mtoto. Nawaambia, kelele za koti nzima hazikunifanya nilivyofanywa na maneno hayo manne.

Sijaandika barua ya kubisha tangu hapo, wala sitaandika. Leo mtu akija na tepu yake akaniambia nyumba yangu ni kibanda cha kuku, namwambia asante, namkaribisha chai, halafu naenda kumuuliza mke wangu kama inatosha.