Sumaku Ndani ya Kasha la Bibi

Ilianza Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi. Dakika naikumbuka kwa sababu nilikuwa naitazama saa ya ukutani zaidi kuliko ubao. Mwalimu wa fizikia alikuwa ameshika msumari uliozungushiwa waya wa shaba, ncha za waya zimeunganishwa na betri mbili, na msumari umening'iniza pini sita. Akaachia waya mmoja. Pini zote zikaanguka mezani.

"Umeme ukipita, sumaku ipo. Umeme ukikatika, msumari unarudi kuwa msumari."

Halafu akakiacha Kiingereza cha kitabu, akatuambia kwa Kiswahili kwamba kaseti za zamani zilirekodiwa hivyo hivyo. Sauti inageuzwa umeme, umeme unaingia kwenye koili ndogo, koili inakuwa sumaku inayopanda na kushuka kama sauti yenyewe. Mbele yake unapita ule utepe wa kahawia uliopakwa unga wa chuma, na kila chembe inalala vile ilivyolazwa.

"Kwa hiyo mwenye kaseti nyumbani asiiweke karibu na sumaku. Chembe zitalala upya, na sauti ndiyo basi tena."

Darasa likacheka. Nani ana kaseti siku hizi? Mimi ninayo. Yaani bibi anayo.

Sumaku iliyokuwa mezani kwa mwalimu niliileta mimi. Ni ya duara, ina tundu katikati, niliing'oa kwenye spika yetu iliyopasuka. Kopo la unga wa chuma la maabara lilikuwa limeshika kutu, limekuwa donge moja, kwa hiyo mwalimu alituambia tukachote ufukweni. Hapa Kigombe maji yakitoka yanaacha michirizi ya mchanga mweusi. Unaifunga sumaku kwenye mfuko wa plastiki, unaiburuza, mchanga mweusi unaganda nje ya mfuko. Ukiitoa sumaku, mchanga unadondoka wenyewe kwenye chupa. Jumatano nilijaza chupa nzima. Siku hiyo ya Alhamisi mwalimu aliweka karatasi juu ya sumaku yangu, akanyunyiza mchanga wangu, akagonga karatasi kwa kidole, na mchanga ukasimama mistari mistari, umetawanyika kutoka katikati kama manyoya ya kifaranga. Akasema ule ndio uga wa sumaku, upo hata pasipo mchanga, mchanga unatuonyesha tu. Akanisifu mbele ya wote. Nikainamisha kichwa.

Lakini Jumatano jioni, watoto wa jirani walikuwa wakiizengea ile sumaku. Nikatafuta mahali ambapo hapana mtu anayegusa. Nikaisukuma ndani ya kasha la bibi, chini ya mtandio. Asubuhi nilipoitoa, ilitoka na kaseti imeganda juu yake kwa zile skrubu zake ndogo. Nilicheka. Nikaibandua kaseti, nikaifunga tena kwenye mtandio, nikaenda shule.

"Mbona umekauka kama samaki ng'onda?" aliniuliza mwenzangu wa dawati, ambaye wazazi wake wanafanya kazi shamba la mkonge. "Umesifiwa leo, unanuna. Ningesifiwa mimi, ningeomba na soda."

Nikamwambia kichwa kinauma. Hakikuwa kinauma. Hapakuwa na kitu kinachouma popote.

Kwenye kaseti hiyo kuna mama yangu, anasoma kasida kwenye maulidi, kabla hajaolewa. Alifariki nikiwa na miaka mitatu. Sauti yake naijua kwa kaseti tu. Kabla ya kasida anauliza, "Nianze?" na watu wanacheka, sijui kwa nini. Lile swali nalijua kuliko ninavyoijua sura yake.

Na siku ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi baada ya alasiri bibi anasoma Yasini, anafukiza ubani, kisha anamweka mwanawe. Ndivyo anavyosema, kumweka, yaani kuiweka ile kaseti kwenye redio.

"Mke mwenzangu," aliniita nilipofika nyumbani, kwa utani wake wa bibi na mjukuu, "palia mkaa, niletee na chetezo."

Nikapalia. Nikaleta. Ningeweza kusema pale pale. Sikusema.

Akabonyeza redio. Kwanza ule mvumo wa utepe. Halafu kimya. Halafu watu wakacheka. Kicheko kimebaki, swali halipo. Kasida ikaanza, sauti ikazama, ikarudi, ikazama tena, kila sekunde tatu hivi. Nilihesabu. Nilielewa kabisa: utepe umejizungusha kwenye gurudumu lake, na kila mzunguko una mahali pake palipolaliwa na sumaku.

"Betri hizi," bibi akasema. Nikabadilisha betri. Akachukua pamba, akaitia spiriti, akafuta kichwa cha redio taratibu kama anamfuta mtoto sikio. Akaweka tena. Ikazama, ikarudi. Mara ya tatu akaizima mwenyewe.

"Nimemchosha," akasema.

"Nani, bibi?"

"Mama yako. Kila wiki namwita, kila wiki namwita. Maiti hachezewi. Sasa kanikatia sauti." Akaifunga kaseti kwenye mtandio. "Simweki tena."

Usiku nilikula ugali na dagaa, nikamaliza. Hilo bado linanishangaza. Nilifanya na hesabu za shule. Nikalala chali nikimsikia bibi upande wa pili anaomba maghufira, jina la mama linajirudia, na mimi nimekuwa kama ule msumari baada ya waya kuachiwa. Nilijua tu kwamba bibi anabeba kosa langu, na kwamba ninyamaze au niseme, swali la mama halirudi.

Ijumaa asubuhi bibi alikuwa jikoni anachoma vitumbua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hujavaa sare bado?"

Nikakaa chini. Nikaweka sumaku niliyorudishiwa na mwalimu, nikafunika karatasi ya daftari, nikamimina mchanga kidogo kutoka kwenye chupa, nikagonga. Mistari ikasimama.

"Sauti ya mama ililala hivi kwenye utepe," nikasema. Nikaivuta sumaku pembeni. Mistari ikavurugika. "Sumaku hii niliilaza ndani ya kasha lako juzi. Hukumchosha, bibi. Ni mimi."

Kitumbua kikaanza kuungua, bibi hakukigeuza.

"Kasha langu ulilifungua kwa idhini ya nani?"

"Sikuomba."

"Na jana ulinikodolea macho nafuta redio kwa pamba."

"Ndiyo."

"Mimi usiku kucha naomba radhi kwa kosa nisilolijua, wewe umelala!"

"Sikulala."

"Ukalia?"

"Hapana."

Bibi akatoa kile kitumbua kilichoungua, akakiweka kwenye sahani mbele yangu. "Hicho chako. Haya, lete redio."

Nikaileta. Akaiweka kaseti mwenyewe, akabonyeza. Mvumo ukaanza.

"Kasida unaijua?"

"Naijua."

"Basi palipokatika, soma wewe. Aliyekata ndiye atakayeunga."

Chuoni, kule madrasa, watu wakisoma kasida mimi huchezesha midomo tu. Mvumo ukaendelea. Bibi alikuwa amenyanyua upawa, haushushi. Nilijua ni wapi. Ningeijua sehemu ile hata usingizini.

"Nianze?" nikasema.

Watu wakacheka kwenye redio.

Bibi akageuza uso upande wa ukuta. Kasida ikaanza, ikazama, nikasoma maneno mawili, mama akarudi, akazama, nikasoma tena, sauti yangu inakwaruza. Niliunga sehemu sita au saba, ya nane nikachelewa, mama akanipita. Nikaenda kuvaa sare. Kitumbua nilikila njiani, kichungu. Shule nilifika kipindi cha pili, mwalimu akaniuliza sababu, nikasema nilikuwa na bibi.