Nilichekesha Meza Nzima kwa Kilio cha Mama Kezia

Admin, jina langu lifunike, maana hapa Ujiji hata mbuzi wananijua. Nina miaka thelathini na moja. Shule niliishia la saba, ila mkono wangu umefika chuo kikuu: maandishi mengi mnayoyaona kwenye maboti pale mwaloni, yanaposhusha samaki, ni yangu. Na kabla hamjaanza kunitukana, mjue nina bahati moja ambayo wengi hamna: mimi husamehewa. Nikimkosea mtu leo, kesho tunakula dagaa sahani moja. Hata mama nitakayewasimulia hapa, kabla hajapanda basi alinishika kichwa akasema, "Nimekusamehe, mwanangu." Haya, nani mwingine ana bahati hiyo?

Mwaka huu watu walikuwa wanakimbia Burundi, wanashukia Kagunga, kijiji cha mpakani, wanaletwa mjini kwa meli. Bosi mmoja akahamia Kigoma kutoka Dar, kazi yake kuandikisha wanaoshuka. Alisoma Ulaya akarudi na ugonjwa wa huko, mchezo wa vita wa mezani. Ana maboksi ya visanamu vya Waviking, wale maharamia wa zamani wa nchi za baridi waliokuwa wakivamia vijiji kwa maboti. Kisanamu kimoja hakizidi kidole gumba, na kinakuja vipande vipande. Unakata kwa wembe, unagundisha mkono, ngao, shoka, unapiga rangi ya chini nyeusi, ndipo unaanza kupaka. Kila Jumamosi yeye na rafiki zake watatu wanarusha dadu, kijiji kinavamiwa, na wiki ijayo wanaendelea pale walipoishia. Wanaita kampeni. Kampeni gani haina pilau wala kanga za bure! Aliona maandishi yangu kwenye boti akanipa kazi. Nikampakia rangi jeshi zima, nikamchongea na maboti yao kwa vipande vya mbao. Macho ya askari nayachora kwa unywele mmoja wa brashi, nimebana pumzi. Msibishe.

Mama Kezia, mmoja wa hao waliokimbia, alikuwa amefikia kwa mama yangu. Kiha cha mama na Kirundi chake vinaelewana, wakawa ndugu. Binti yake Kezia, miaka minane, mkono ulimponyoka watu wakigombania boti kule ng'ambo, na boti likaondoka na mama bila mtoto. Mpaka leo hajui mtoto yuko wapi. Hakuweza kukaa bure yule mama, mikono yake ilizoea kusuka vikapu, nikampa wanakijiji awapake, maana mchezo unataka watu wa kuvamiwa. Alipaka kunishinda, naumia kusema. Siku moja akachukua kasanamu ka msichana aliyebeba bata, akakaa nako siku mbili. Kakatoka na gauni la bluu, kola nyeupe.

Nikamtania, "Mama, watu wa enzi hizo hawakuwa na sare za shule."

Akasema, "Huyu anayo."

Nilielewa. Asiniambie mtu kwamba sikuelewa.

Jumamosi tukapeleka kijiji kwa Bosi. Mama Kezia akakaa barazani anamalizia ng'ombe wawili, mimi nikaingia ndani kuangalia mchezo. Maboti yangu yakafika ufukweni, wanakijiji wakaanza kusogezwa wakimbie, lakini meza imepoa, na mimi meza ikipoa sivumilii. Nikashika wale wanakijiji nikaanza kuwapa sauti. Sauti niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya wale waliokuwa wanashuka melini, wakiwalilia wana wao kwa Kirundi. "Mwana wanje! Mwana wanje weee!" Nikavuta na kamasi. Bosi alicheka mpaka miwani ikadondoka. "Rudia bwana, rudia ile ya mtoto!" Nikarudia. Mara tatu! Dadu likaanguka, msichana wa bluu akatekwa, na mmoja wao akasema, "Huyu Jumamosi ijayo tunampeleka soko la watumwa." Wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Mimi, mtu wa Ujiji, ambaye bibi yangu hakulitaja neno hilo bila kutema mate chini.

Mama Kezia alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Akaniambia taratibu, "Hukukosea, mwanangu. Hivyo hivyo ndivyo tulivyolia." Akaondoka kwa miguu.

Bosi akasema, "Mwambie ni mchezo tu. Haya, sogeza boti." Mtu huyohuyo ambaye Jumatatu anamshika mkimbizi bega anamwambia pole! Alinitia kinyaa. Lakini kinyaa kikubwa kilikuwa cha mdomo wangu mwenyewe, nilijiona kama nimelamba sakafu ya soko la samaki. Nikamchukua yule msichana mezani. Bosi akang'aka, "Weka chini, huyo ni mateka, anahesabiwa!" Nikamwambia, "Kamhesabu mama yako," nikatoka.

Kesho yake asubuhi Mama Kezia alifunga mzigo akapanda basi la kambini, yeye ambaye mama alimbembeleza wiki nzima abaki kwetu. Tangu hapo mama ananisemesha neno moja tu: "Mfuate. Mdomo si unao?" Bosi naye anapiga simu, eti wanakijiji wamepungua, nikapake wengine. Nikiona namba yake natema mate.

Kale kasanamu ninako kwenye mfuko wa shati, nimekafunga kwa pamba. Nikikapeleka, je, nitakuwa nimempa Kezia wake, au nitakuwa nimempelekea ile sauti tena mpaka hukohuko alikokimbilia? Na nikikaa nako, natembeaje na mtoto wa mtu mfukoni? Nyie mliozaa, akina mama hasa, nipeni akili zenu, maana zangu zimeishia kwenye utani: nimfuate, au nimwache apumue?

Mtauliza, kama alishanisamehe, naogopa nini. Hakunisamehe. Wala hakunishika kichwa. Alipita mbele yangu na mzigo wake, nikampa shikamoo, hakuitika.