Mama Breki Aenda Kuchagua Gari

Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha watu udereva akiwa amekaa kiti cha abiria, mguu tayari juu ya breki ya pili, ile ya mwalimu. Wanafunzi wakambandika jina la Mama Breki, akalipokea bila kinyongo. Magari ya chuo yalikuwa ya aina moja, madogo, yenye mlango wa nyuma wa kuinua juu. Aliyajua kama jiko lake. La kwake mwenyewe hakuwahi kuwa nalo.

Aliposikia aina hiyo ya gari imetolewa kwa umbo jipya, alimkokota mumewe, fundi cherehani, hadi duka la magari.

"Tunatazama tu, jamani," mume alisema.

"Macho hayana pazia, baba watoto. Twende!"

Gari jipya lilikuwa linang'aa sakafuni. Taa zimekuwa nyembamba kama macho ya mtu anayetabasamu, nyuma limenenepa kidogo. Mama Breki akalizunguka mara tatu. Akainua mlango wa nyuma, akaushusha, akauinua tena, huku akicheka peke yake.

Muuzaji, bwana mmoja mwenye tai ndefu, akaleta orodha ya vitu vya kuongeza.

"Kamera ya kurudi nyuma?"

"Ya nini? Shingo ninayo."

"Viti vyenye joto?"

"Joto ninalo la kutosha. Muulize huyu."

Mume akakohoa, akageuka kutazama matairi.

"Paa la kioo?"

Hapo akainua macho juu. "Yaani nikiendesha nitaona mawingu?"

"Hata nyota, mama."

"Andika! Na rangi iwe ya manjano."

"Si tulisema ya kijivu?" mume akauliza.

"Wewe ulisema. Mimi nilinyamaza."

Wakatoka kulijaribu barabarani, muuzaji akishika usukani. Kona ya kwanza tu, Mama Breki akakanyaga sakafu, puu! Breki haipo. Muuzaji akashtuka, akafunga breki kweli, tai ikamrukia begani.

"Kuna nini, mama?"

"Hujatazama kioo kabla ya kukata kona!"

Kwenye kiti cha nyuma, mume alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Bwana, mpishe tu. Huyu hajui kuendeshwa."

Wakabadilishana viti. Barabara ikafunguka mbele yake, na hakuwa na mwanafunzi wa kumwokoa. Alizunguka mzunguko wa barabara mara nne akiimba, na mara ya tano dereva mmoja wa lori akatoa kichwa dirishani. "Mama Breki! Leo unaendesha mwenyewe?"

"Mikono miwili kwenye usukani, wewe!" akamjibu, kisha akapiga honi ndefu isiyo na sababu yoyote.

Gari la manjano lilifika baada ya wiki sita. Akakabidhiwa funguo, akamkumbatia muuzaji, akamkumbatia na mlinzi wa getini. Walipokaribia nyumbani, hakupunguza mwendo.

"Mama watoto, umepitiliza nyumba."

"Nimeiona," akasema, akabadilisha gia.