Fundi Aliyekataa Kuziba Tundu

Fundi wa paa yule walimwita Popo, na jina lenyewe lilianza kama kejeli. Zamani aliwaogopa popo kuliko nyoka. Siku moja mmoja alimpita sikioni akiwa juu ya bati la watu, naye akashuka bila kutumia ngazi. Akavunjika mfupa wa bega. Mtu mwingine angewachukia popo mpaka kaburini. Yeye, kwa ukaidi aliozaliwa nao, alitaka kujua ni kiumbe gani hicho kilichomwangusha mwanamume mzima. Mkono ukiwa bado umefungwa shingoni, akaenda kumtafuta msusi aliyeongoza kikundi cha wapenda wanyamapori.

Walikuwa watu wa kawaida tu: msusi, mwalimu wa hesabu, askari mstaafu, na dada wawili wauza mitumba. Jumamosi asubuhi waliwatembeza watu kando ya kijito nyuma ya machinjio, wakiwaonyesha ndege na vipepeo. Jioni nyingine walilala chali kwenye mikeka nje ya ukumbi wa mtaa, wakihesabu popo wanaotoka darini. Wapita njia walisema hawa wamerukwa na akili, nao waliendelea kuhesabu.

Kila mwezi mmoja wao alitoa mazungumzo humo ukumbini. Zamu ya Popo ilipofika, aliongea mpaka watu wakasahau kwao. Popo mdogo anakula mbu, alisema, usimuue. "Ukitaka ahame, ngoja jioni watoke wote, kisha ziba tundu. Wakirudi watatafuta pengine." Makofi! Na aliyepiga kuliko wote alikuwa mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo, jamani, si wa mchezo. Ni mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa imepita mikononi mwake, na wakati huo alikuwa mwenyekiti wa ukumbi. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa baada ya wiki mbili, sherehe humo humo, na harufu ya kinyesi cha popo ilikuwa inamnyima usingizi. Akamwita mkwewe.

"Mwanangu, ulivyotufundisha ndivyo tufanye. Ziba."

Mtu akiambiwa hivyo na mama mkwe anajibu nini? Akasema, "Sawa, Mama."

Akaziba pembe zote kwa mbao, akaacha tundu moja kubwa karibu na ncha ya paa, la kuzibwa jioni. Mchana wa siku hiyo, akifagia ukumbini, akaona kitu chekundu sakafuni. Kidogo, hakizidi kifundo cha kidole, hakina manyoya, macho yamefumba, na kinapapasa kikitafuta pa kushika.

Wamezaa! Na watoto wa popo hawaruki. Mama zao wakienda kutafuta chakula huwaacha darini, wamebanana. Ukiziba jioni, humhamishi mtu hapo: unawafungia mama nje na watoto ndani, wafe njaa. Na ni yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, aliyeufundisha mtaa kufanya hivyo. Habari ya uzazi wao aliijua vizuri kabisa. Ila siku ile makofi yalimnogea, akaisahau.

Akamfunga yule mdogo kwenye leso, akapanda kumrudisha kwa wenzake. Aliposhuka akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe, aliyekuwa nje akisimamia viti vikishushwa.

"Shikamoo, Mama."

"Ulishaniamkia asubuhi. Sema shida yako."

"Hatuwezi kuziba leo. Wana watoto."

"Juzi wakitoka tuzibe. Leo wana watoto. Kesho watakuwa na wajukuu?"

Wabeba viti wakaangua kicheko. Fundi akasubiri kicheko kiishe. "Kosa ni langu, Mama, sikusema yote. Nipe wiki tano watoto waruke. Nitatandika turubai chini ya dari, nitasugua sakafu mwenyewe kila alfajiri."

"Wiki tano! Yaani wageni waje kula huku wameziba pua?"

"Ndiyo, Mama. Yaani hapana, Mama."

"Usipoziba wewe ataziba mwingine. Mafundi hawajaisha duniani."

Na kweli, haukupita muda akaja fundi wa mtaa wa pili, nyundo kiunoni. Popo kumwona tu, akakwea ngazi, akaenda kukaa mbele ya lile tundu, miguu ikining'inia.

"Anayetaka kuziba aanze na mimi!"

"Ondoeni ngazi!" akaamuru mama mkwe. "Si anapapenda? Akae huko huko."

Ngazi ikaondolewa. Bati lilikuwa la moto, lakini hofu ilimuunguza zaidi. Alimwogopa mama mkwe, aliogopa kuharibu harusi ya shemeji yake, na alimwogopa mkewe kuliko wote, ambaye tayari alikuwa chini pale, mikono kiunoni.

"Baba watoto, umemfanya nini mama yangu?"

"Mwambie aje aone mwenyewe!"

"Mwambie wewe, mdomo unao." Lakini akamrushia chupa ya maji, na akamlenga sawasawa.

Wale wa kikundi nao walikuja, wakatandika mikeka ingawa haikuwa siku yao ya kuhesabu. Askari mstaafu akapaza sauti, "Usibanduke!" Fundi akajibu kwamba hata angetaka, angebandukaje bila ngazi? Lakini moyoni alishakata shauri. Liwalo na liwe.

Jua likazama, popo wakaanza kutoka. Mmoja, watano, kisha wengi kama moshi wa tanuri, wakimpita mashavuni na masikioni. Akajisogeza kando kidogo, akatulia. Walipokwisha, mama mkwe akaita.

"Haya, wametoka wote. Shuka tuzibe!"

"Hawajatoka wote, Mama. Wamebaki watoto."

Mama mkwe akatazama lile tundu, akamtazama mkwewe.

"Mimi nikiambiwa pana mtoto mahali, sisimuliwi, nakwenda kuona," akasema. "Leteni ngazi."

Akajifunga nguo kiunoni, akapanda, mke wa fundi akipiga kelele kuwa mama ataanguka. Kwenye vipandio vya mwisho fundi hakuwa na la kufanya ila kumshika mkono. Miaka yote ya ndoa hakuwahi hata kukaa naye kiti kimoja.

"Vuta, mwanaume! Mimi si yai."

Akamvuta. Mama akachomoa tochi aliyoichomeka kiunoni, akaingiza kichwa tunduni. Humo, juu ya boriti, watoto walikuwa wamejipanga wamegandamana, wekundu, wengi mno, wakilia kwa sauti nyembamba. Alitazama kwa muda mrefu.

"Wana siku ngapi?" akauliza bila kugeuka.

"Wengine hawajamaliza wiki."

"Na baridi?"

"Wanabanana hivyo hivyo mpaka mama zao warudi."

Akazima tochi. Alipotoa kichwa, alikuwa na utando wa buibui kwenye nywele, na hakujali.

"Nimezalisha mtaa huu mzima," akasema. "Sijawahi kumpokea mtoto halafu nikamfungia mama yake mlango." Akamwinamia yule fundi mwingine. "Wewe, nenda zako nyumbani."

"Na harusi, mama?" mke wa fundi akalia kutoka chini.

"Harusi itanuka," akasema mama. "Hakuna atakayekufa."