Stelingi Iliyogeuka Kinyume

Nikinusa mafuta ya taa yaliyochanganyika na grisi kuukuu, narudi moja kwa moja kwenye likizo ya Agosti nilipokuwa darasa la saba, katika gereji ya Baba pale Laini Saba, kando ya reli. Mzee mmoja wa Makina alikuwa ameleta gari la marehemu baba yake, la zamani ajabu, lililolala chini ya turubai hadi kuku wakalifanya nyumba. Alitaka bintiye apelekwe harusini ndani yake. Baba aliifufua injini na kuinyoosha bodi, lakini stelingi boksi, kile chuma kizito kinachopokea mzunguko wa usukani na kuyageuza magurudumu, kilikuwa kimelika meno. Kazi ya kukisugua kwenye karai ilikuwa yangu.

Mimi, binti wa fundi, nilitaka kitu kimoja tu: Baba aende nami Kawangware kwa wauza spea kutafuta kingine. Lakini likizo hiyo alikuja Ouma, mtoto wa baba mkubwa, kutoka Kisumu. Ouma huyu! Akiangusha nati, Baba anasema, "Pole, kijana wangu." Nikiiangusha mimi, naambiwa nikamsaidie Mama kukata sukuma wiki. Wivu ulinijaa. Asubuhi ya safari nilivaa viatu vya Jumapili nikasimama mlangoni. Baba akanipita. "Ouma, twende. Awuor, wewe baki uangalie vyombo."

Walirudi mchana wamebeba chuma, wanacheka mambo yao ya njiani. Kilifanana kabisa na cha zamani: matundu ya boliti yaleyale, urefu uleule. Ouma ndiye aliyekichagua, na Baba alimsifu mbele ya mafundi wote wa jirani. Roho iliniuma, jamani! Nikakiweka kando ya kile nilichokisugua, nikazungusha vyote viwili kulia, nikitafuta kasoro. Mkono wa chini wa kile cha zamani ulienda mbele. Wa kipya ulirudi nyuma.

"Baba, hii si yetu," nilisema. "Imetoka kwa gari lenye usukani upande wa kushoto. Mzee akikata kulia, gari itaenda kushoto."

"Wacha wivu, Awuor," Ouma akacheka.

Wivu nilikuwa nao, tena tele. Bila huo nisingekigusa kile chuma. Baba alivizungusha mwenyewe, jasho likamtoka. "Ai! Tungemuua bibi harusi." Nilijua sasa nitaambiwa twende. Akamshika Ouma bega. "Usijali, kijana wangu, hata mimi ilinipita. Twende tuirudishe."

Leo gereji ni yangu, iko Riruta, na wenye magari ya zamani hunitafuta wao wenyewe. Siku hizi picha ya spea yoyote iko kwenye simu, hakuna haja ya kuzunguka Kawangware na chuma begani. Ouma ni karani huko Kisumu. Sidhani ameshika spana tangu aoe. Wiki iliyopita Baba, mzee sasa, alinikuta nikilinganisha stelingi boksi mbili. Nilikuwa nimeshajua ipi ni sawa, nikamwonyesha na kumweleza kwa nini. Akatikisa kichwa kwa upole. "Hebu mpigie Ouma, tusikie yeye anasemaje."

Nilipiga. Baba alisikia sauti ile, uso ukamchangamka, akaenda kukaa nje na simu yangu. Mteja aliyekuwa akisubiri gari lake aliniuliza kama huyo wa kwenye simu ndiye fundi mkuu.