Mkono wa Mama na Mwiko wa Shangazi

Asubuhi baada ya kumzika Baba huko Navakholo, mama yangu Jescah aliteleza kwenye matope ya uani akaangukia kiganja. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Plasta ilikaa wiki sita, na ilipotolewa mkono ulikuwa mgumu kama mpini wa jembe.

Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alimwambia, "Mama, mfupa umeunga. Sasa usiubembeleze. Kamua nguo, geuza kiganja, songa ugali. Ukiuacha, utakauka hivyo."

Lakini jikoni alikuwa Shangazi Awinja, dada yake Baba, aliyekuja kwa matanga na asiondoke. Kila Mama aliposhika mwiko, alimnyang'anya.

"Mjane hapiki kabla ya makumbusho ya marehemu, wifi. Kaa."

"Makumbusho ni Agosti! Nikae kama gunia la mahindi mpaka Agosti?"

"Gunia angalau halibishani."

Wageni walicheka. Mama hakucheka. Chumbani aliniambia, "Emily, anayekukataza kutumia mkono anataka ukauke. Kesho ataambia ukoo siwezi kulima, shamba litatafutiwa mwenyewe mwingine."

Nami, Mungu anisamehe, niliamini. Nilisali jicho moja likiwa wazi. Nilimwona shangazi akitembea mipakani mwa shamba peke yake. Hata chai aliyompikia Mama niliinusa kwanza.

Jumapili moja Mama alishindwa kujifunga kitambaa cha kichwa kwenda kanisani. Nilienda jikoni moja kwa moja.

"Shangazi, unataka mkono wa Mama ufe?"

Alipandisha mkono wa sweta. Kifundo chake kilikuwa kimepinda upande.

"Nilikata plasta mwenyewe wiki ya tatu, nikarudi kulima. Baba yako alinikanya, sikusikia. Sasa hayupo wa kumkanya mama yako."

"Ya Mama ilitolewa na daktari. Mfupa umeunga."

"Nani aliuona huo mfupa?"

"Mimi," Mama alisema mlangoni, picha ya eksirei mkononi.

Shangazi aliielekeza kwenye mwanga, akaigeuza, akaigeuza tena. Uso wake haukuonyesha kuridhika. Hata hivyo alimpa Mama mwiko, akaishika sufuria kwa matambara.

Ugali ulitoka na madonge. Mama alilia, sijui kwa maumivu au kwa Baba, lakini hakuacha kusonga.

"Polepole, wifi," shangazi alisema, akiukodolea ule mkono macho kama anayemchunga mwizi.