Siku Waliyomsimamisha Binti Yangu

Binti yangu alikuwa ameshavunja ungo, lakini tangu azaliwe hakuwahi kusimama bila kushikwa na mtu. Kwa hiyo mtaalamu wa mazoezi alipotuambia fremu yake ya kusimamia imefika, yenye mikanda, meza ndogo mbele na magurudumu chini, tulipanda bodaboda siku hiyo hiyo kutoka kijijini kwetu Kibingo hadi ofisi ilikopokelewa.

Ofisa aliyeipokea alitukatalia. “Subirini mgeni rasmi, mama.”

Niliomba angalau niione. Ilikuwa stoo. Kuku walikuwa wakilala juu yake, na kinyesi kilikuwa kimekaukia pale ambapo mwanangu angeegemeza kifua. Nilimwonyesha ofisa kwa kidole.

“Tutaisafisha,” akasema.

Siku ya sherehe waliifuta kwa kitambaa kikavu, wakamfunga humo bila kumwita mtaalamu, mkanda wa kifuani umekazwa mno. Alipoinuka nikaona kumbe amenipita kwa urefu. Sikupata hata nafasi ya kufurahi. Wakamwacha juani, wao wako chini ya hema na soda zao, hotuba juu ya hotuba.

Mgeni rasmi alikuwa amemshika mkono wapigwe picha mkojo ulipomtoka mwanangu. Akauachia mkono, akatoa leso, akajifuta kidole kimoja baada ya kingine huku akiitabasamia kamera.

“Mama, mfunike miguu tumalizie,” mpiga picha akaniambia.

Nilikwenda nikafungua mikanda.

“Bado hatujamaliza,” ofisa akaninong’oneza.

“Mimi nimemaliza.”

Nikamfunga binti yangu kanga yangu, tukaondoka na fremu yetu. Nyumbani niliisugua kwa sabuni na maji ya moto hadi vidole vikachubuka, na bado harufu ya kuku ilichukua muda kuisha. Mtaalamu alikuja akairekebisha mikanda vizuri. Sasa binti husimama humo barazani, akichambua maharage na bibi yake, na akichoka anasema mwenyewe.

Majuzi ofisa alikuja. Kuna wageni wengine, akasema, wanataka kuona fremu. Tuwaazime asubuhi moja tu.

Binti hakuinua macho kwenye maharage. Maneno yake hutoka polepole, na ofisa ilibidi angoje.

“Hapana. Naitumia.”

Nilikuwa nimeshampa maji ya kunywa, maana mgeni ni mgeni. Alipoondoka nilikiosha kile kikombe, nikakinusa, nikakiosha tena.